Je, mgombea "hushinda wajumbe"?

SWALI: Ninaandika makala kuhusu mchuano wa Hillary Clinton na Barack Obama ndani ya chama cha Democratic cha Marekani mwaka 2008, wa kuwania nafasi ya kugombea urais. Mhariri ameikataa sentensi yangu hii: "Clinton alishinda wajumbe wengi wa Florida, kisha akanyang'anywa na chama." Kosa liko wapi? Na je, niandike "kura za maoni" au "kura za mchujo"?

JIBU: Mhariri wako hakukosea. Kitenzi "kushinda" kikifuatiwa moja kwa moja na nomino ya watu, watu hao ndio walioshindwa: Simba ikiishinda Yanga, wanaolala na majonzi ni Yanga. Kwa hiyo sentensi yako inamwambia msomaji kwamba wajumbe walikuwa wapinzani wa Clinton, naye akawabwaga. Kukiacha kiambishi "-wa-", yaani kuandika "alishinda" badala ya "aliwashinda", hakuiondoi maana hiyo, bali huongeza ukungu tu. Mgombea hushinda uchaguzi, hushinda katika jimbo, lakini wajumbe, yaani wawakilishi wa majimbo wanaopiga kura ya kumteua mgombea urais kwenye mkutano mkuu wa chama, huwapata. Na ukipenda mbwembwe za magazetini, hujizolea.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa sababu limeharibu lugha na historia kwa pamoja. Anayenyang'anywa ni yule aliyekuwa na kitu mkononi kikachukuliwa kwa nguvu, ilhali anayenyimwa hakupewa tangu mwanzo. Florida iliadhibiwa Agosti 2007 na Michigan Desemba mwaka huohuo, kwa kupanga tarehe za kupiga kura mapema kuliko kanuni za chama zilivyoruhusu, na wapigakura wa Florida walikwenda vituoni tarehe 29 Januari 2008, wakati adhabu ya jimbo lao ilikwisha kutolewa. Unaweza kuandika kwamba Florida ilinyang'anywa nafasi zake za wajumbe, maana jimbo lilikuwa nazo, lakini Clinton mwenyewe hakuwa na wajumbe wa kunyang'anywa. Andika hivi: "Clinton aliongoza kwa kura Florida, lakini wajumbe wa jimbo hilo hawakutambuliwa." Kitenzi "kutambuliwa" kina faida nyingine, nacho hakimpendelei yeyote, jambo la thamani katika mvutano uliodumu hadi Juni.

Tarehe 31 Mei 2008 kamati ya kanuni ya chama ilikutana Washington na kuwarudisha wajumbe wa majimbo yote mawili, kila mmoja akiwa na nusu kura. Hapa jihadhari usije ukaandika "nusu mjumbe", kwani kilichogawanywa ni kura, mjumbe alibaki mzima. Michigan, ambako jina la Obama halikuwamo kwenye karatasi ya kura, Clinton alipangiwa wajumbe 69 na Obama 59, yaani kura 34 na nusu dhidi ya 29 na nusu. Kambi ya Clinton ilidai kwamba kwa hesabu ya kura zilizopigwa alistahili wajumbe 73. Ukiwanukuu wafuasi wake kuhusu wajumbe hao wanne, "kunyang'anywa" kunafaa kabisa, mradi neno liwe lao, lisiwe la mwandishi.

Kuhusu swali lako la mwisho, Tanzania "kura za maoni" ni zile za kuteua wagombea ndani ya chama, na "kura ya maoni", kwa umoja, ni ile ya wananchi wote juu ya jambo kama katiba. Msomaji wa Kenya, hata hivyo, huenda akadhani unazungumzia utafiti wa kupima umaarufu wa wagombea. Kwa makala itakayosomwa pande zote mbili ningechagua "kura za mchujo". Obama alivuka idadi ya wajumbe waliohitajika tarehe 3 Juni, siku ya mwisho ya mchujo, na Clinton akasitisha kampeni siku nne baadaye. Hapo ndipo unapoweza kuandika, bila kumwogopa mhariri, kwamba Obama alimshinda Clinton.