Mtoto ana lupasi, anameza steroidi: na mifupa yake je?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: watoto wenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) wanaotumia prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayoutuliza, na wazazi wenye hofu na mifupa yao. Nimezifupisha kidogo.

Daktari, binti yangu wa miaka 11 ana miezi mitano kwenye prednisoloni. Shangazi yake kasikia kwamba dawa hii inakula mifupa, ananishauri nimpunguzie kimyakimya. Nifanyeje?

Usimpunguzie, mama, hata nusu kidonge, mpaka daktari wake aseme. Kuhusu mifupa shangazi hakukosea. Steroidi huzizubaisha seli zinazojenga mfupa, huzipa nguvu zile zinazoubomoa, hupunguza kalsiamu inayofyonzwa kutoka kwenye chakula, na nyingine hupotelea kwenye mkojo. Tena mfupa hupungua kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo wasiwasi wako haujaja mapema.

Alichosahau ni kwamba lupasi yenyewe ikiachwa iwake nayo huila mifupa, achilia mbali figo. Na mwili uliozoea kuletewa steroidi kutoka nje huziacha tezi zake za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zilale. Dawa ikikatwa ghafla, tezi haziamki siku hiyohiyo: mtoto hulegea, hutapika, shinikizo la damu hushuka, na anaweza hata kupoteza maisha.

Swali la kumpelekea daktari ni hili: kuna mpango gani wa kushusha dozi? Dawa nyingine za lupasi, kama haidroksiklorokwini, azathioprini au maikofenoleti, hutumika sambamba na prednisoloni ili ugonjwa utulie kwa steroidi kidogo. Kwa maoni yangu hapo ndipo mifupa inapookolewa, kuliko kwenye chupa yoyote ya virutubisho.

Mwanangu wa miaka 9 analalamika mgongo. Hajaanguka popote. Wenzangu wanasema ni begi la shule.

Baba, ningekuwa wewe ningemrudisha hospitali wiki hii. Tukisikia "mifupa dhaifu" tunafikiria mkono au mguu kuvunjika. Kwa mtoto wa steroidi, mifupa ya kuwekea macho ni pingili za uti wa mgongo, nazo hazivunjiki kwa kishindo. Pingili ambayo ukiitazama kwa ubavu ina umbo la mstatili hubonyea upande wa mbele, ikawa kama kabari. Watoto wengi hawasikii chochote. Hugundulika kwa eksirei ya mgongo iliyopigwa kwa ubavu. Mtoto wako anasema. Msikilize.

Daktari mzoefu atapitisha kidole pingili moja moja, kutoka shingoni hadi kiunoni, huku akitupia macho uso wa mtoto. Uso ukikunjamana, pale ndipo penye shida. Nyumbani mpime urefu kila baada ya miezi mitatu: bila viatu, visigino vimegusa ukuta, kitabu kimelazwa bapa juu ya kichwa, alama ya penseli na tarehe pembeni. Urefu ukisimama si lazima iwe pingili, maana steroidi huchelewesha pia ukuaji. Ukishuka chini ya alama ya zamani, nenda na vipimo vyako.

Kuna jambo la kutia moyo. Pingili iliyobonyea ya mtoto ambaye bado anakua inaweza kurudia umbo lake taratibu, jambo ambalo ya mtu mzima haiwezi. Ila miaka ya kukua ikiisha, nafasi hiyo imekwisha, ndiyo maana sipendi kusubiri.

Kipimo cha DEXA, kile cha uzito wa mifupa, cha mwanangu kimetoka -1.8. Mifupa imeshaharibika?

Namba hiyo peke yake haisemi hivyo. Inaitwa alama Z, nayo humlinganisha mtoto na wenzake wa umri na jinsia yake, na mtoto mfupi huonekana ana mifupa hafifu kuliko ilivyo. Uliza kama wamezingatia kimo chake. Kwa watoto hatutangazi ugonjwa wa mifupa kwa namba tu. Kwa upande mwingine, pingili moja iliyobonyea bila ajali kubwa inatosha, hata kama namba inapendeza.

Binti yangu ana miaka 13, ameambiwa akwepe jua. Maziwa yanatosha?

Kwa kalsiamu, karibu yatoshe. Umri wa miaka 9 hadi 18 unahitaji miligramu 1,300 kwa siku (miaka 4 hadi 8 ni 1,000), na kikombe cha mililita 250 kina kama 300. Mtindi unahesabika, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao pia. Chumvi ipunguzwe, kwa kuwa huisukuma kalsiamu nje kwa mkojo.

Kwa vitamini D maziwa hayafui dafu. Wala usimwanike juani kuitafuta, maana jua huweza kuiamsha lupasi. Apimwe damu, apewe vidonge kwa kiasi alichoandikiwa. Figo ndizo zinazoigeuza vitamini hiyo ifanye kazi, kwa hiyo kama lupasi imegusa figo, usinunue chochote kwa kukisia.

Bibi yake hunywa kidonge cha mifupa mara moja kwa wiki. Tumgawie mtoto?

Hapana. Kidonge cha namna hiyo kwa kawaida ni cha jamii ya bisfosfoneti, dawa zinazokaa mifupani miaka mingi. Watoto hupewa na mtaalamu, mara nyingi kwa dripu, na hasa wale ambao mifupa yao imeshavunjika.

Shikamoo daktari. Nina miaka 15, nacheza mpira wa kikapu. Siku hizi goti linauma, na kinena pia, nikimaliza mechi nachechemea. Sijamwambia mama, atanikataza kucheza.

Marahaba, mwanangu. Michezo ni mizuri kwako. Mfupa hujengeka kwa kubeba uzito na kuruka, na sitaki uishie kukaa kitandani. Ila kinena na kuchechemea vikija pamoja kwa mtu anayetumia steroidi, sivifumbii macho. Dawa hizi zinaweza kusababisha damu isifike vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, pale kwenye nyonga, na sehemu hiyo ya mfupa ikafa. Maumivu ya nyonga yana tabia ya kujitokeza gotini. Eksirei ya mwanzo inaweza kutoka safi kabisa. Kipimo cha MRI huona mapema zaidi.

Mwambie mama leo, na mechi zisubiri mpaka uonwe. Ukifika kwa daktari anza na kinena. Ukitaja goti tu, watapiga picha ya goti.