Muulize Mkunga: Njiti na Baridi ya Newala

SWALI: Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa njiti Julai iliyopita, tukamwogesha maji ya moto na kumwekea jiko la mkaa chumbani. Siku ya tatu akafariki. Mkwe wangu ana mimba tena. Akija mdogo tena tufanyeje, na mizani hatuna?
Bibi, Newala

JIBU: Shikamoo Bibi, poleni sana kwa msiba. Mkwe aseme kliniki mapema kwamba aliwahi kuzaa njiti. Uchungu ukimshika kabla ya wiki 34 awahi hospitali, maana zipo sindano za kukomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni.

Akishazaliwa, mwogopeni baridi. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Akilowa, joto linamtoka upesi, sukari mwilini inashuka, analegea na kuacha kunyonya. Kwa hiyo mkausheni tu. Kuogesha kusubiri angalau saa 24, na kwa njiti siku zaidi. Jiko la mkaa litoeni kabisa: hewa yake haina harufu lakini inaua.

Kifua cha mama kinatosha. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, asimamishwe katikati ya matiti, miguu ikunjwe kama ya chura, uso ugeukie upande. Kidevu kisiinamie kifuani. Hapo wengi hukosea, na shingo ikipinda hewa haipiti. Kanga ikazwe hadi usawa wa sikio. Ni usiku na mchana, mama akilala ameegemea mito. Akienda kuoga, baba mtoto ampokee, naye kifua wazi. (Wakwe wengine watacheka. Waache wacheke.)

Anyonye kila saa 2. Asiposhika titi, mama akamue, anyweshwe kidogokidogo kwa kikombe, si chupa.

Kuhusu mizani, chukueni rula mpime unyayo, kisigino hadi ncha ya kidole gumba. Chini ya sentimita 7 ni mdogo mno: hospitali siku hiyohiyo, akisafiri kifuani. Kati ya 7 na 8, abebwe hivyohivyo na akaonwe kituoni. Akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabu mara mbili), kifua kikibonyea, tumbo likiwa la baridi au akikataa kunyonya, msingoje kuche.

SWALI: Kitovu kinakawia kudondoka. Nipake majivu?
Mama Mdogo, Lindi

JIBU: Usipake. Majivu na udongo vyaweza kuleta pepopunda. Kiache kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Ukiona usaha, au wekundu unaosambaa tumboni, mpeleke kituoni leo.