Inveta haizalishi umeme: majibu kwa wenye matela na magari ya kambi

Msimu wa wageni ukikaribia, gereji za Arusha na Moshi hujaa matela yanayofungwa friji, taa na soketi, na maswali nayo huja kwa wingi. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Fundi, nimenunua inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 2000 na birika la umeme la wati 2000. Betri ni mpya, ya ampia-saa 100. Nikiwasha birika, inveta inapiga kelele kisha inazima. Aliyeniuzia anasema birika ni bovu. (Dereva wa watalii, Njiro)

Birika lako ni zima, na inveta pengine nayo ni nzima. Gawa wati 2000 kwa volti 12, unapata ampia 167. Inveta nayo hula sehemu ya umeme inaoupitisha, kwa hiyo betri inadaiwa karibu ampia 190. Sasa, betri ya kawaida ya asidi ikiandikwa ampia-saa 100, yaani jumla ya umeme inaohifadhi, kwa kawaida imepimwa ikitoa ampia 5 kwa saa 20. Ukiidai 190 kwa mkupuo, volti zinaporomoka, inveta inaona betri imekwisha, inalia na kujizima. Imefanya kazi yake.

Wengi wakifika hapo hukimbilia inveta kubwa zaidi. Haisaidii kitu. Inveta haizalishi umeme, inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha kuwa 230. Namba iliyobandikwa ubavuni ni kiasi inachoweza kupitisha, na kwa zile za bei chee mara nyingi ni kiasi cha sekunde chache tu.

Cha kushangaza ni kwamba lita moja ya maji ya chai haili umeme mwingi: kama ampia-saa 10 za betri. Ugumu ni kuzitaka zote ndani ya dakika tatu, nne. Ukiona huwezi kuacha, unganisha betri mbili au zaidi sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), weka waya mnene wa milimita za mraba 70, mfupi kadiri iwezekanavyo, na fyuzi ya ampia 250 jirani kabisa na kichwa chanya cha betri. Kwa gharama hiyo mimi ningenunua mtungi wa gesi wa kilo 6, na chenji ningerudi nayo nyumbani.

Friji ya volti 12 niichomeke moja kwa moja au nipitishe kwenye inveta? Na paneli ya sola ya wati 100 inatosha? (Pasua, Moshi)

Moja kwa moja. Kupandisha volti 12 kuwa 230, kisha kuzishusha tena, ni kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka. Isitoshe, inveta iliyowashwa bila kazi yoyote nayo inakula, nyingine wati 10 hadi 20 usiku kucha. Izime ukimaliza kuchaji kamera.

Friji ndogo ya kompresa hula takriban ampia-saa 30 hadi 40 kwa siku ya joto. Paneli ya wati 100 juani inaweza kurudisha kiasi hicho, lakini chini ya mgunga haileti kitu, na Julai huku kwetu mawingu ni mengi. Weka wati 200. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu: ikiwa imetulia bila mzigo na mita inasoma volti 12.2, imetosha, zima vitu.

Betri ya tela nimeiunga kwenye ile plagi ya taa za nyuma ili ichajiwe na gari. Tunatoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, kutwa nzima na bado haijai. Alternata (jenereta ya injini) ni nzima, nimeipima. (Kisongo)

Tatizo lipo kwenye waya. Kutoka betri ya mbele hadi tela, kwenye Land Cruiser iliyorefushwa, ni kama mita 8, na umeme lazima urudi, kwa hiyo hesabu 16. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali huo, ukipitisha ampia 15, unapoteza volti 1.7 hivi njiani. Alternata inatoa 14.2, betri inapokea 12.5. Betri ya asidi inahitaji zaidi ya 14 ili ijae, kwa hiyo hata ukiendesha hadi Mwanza haitajaa. Waya wa taa uliwekewa taa.

Vuta waya wake peke yake, milimita za mraba 25, chanya na hasi zote mbili. Usitegemee bodi la gari kurudisha hasi kupitia kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kuvutia tela, kutu na grisi vitakuangusha. Weka fyuzi ncha zote mbili, maana kila ncha ina betri. Katikati weka relei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, inayotenganisha betri gari likizimwa, la sivyo friji itakula betri ya kuwashia na asubuhi mtasukuma gari mbele ya wageni. Bora zaidi ya relei ni chaja ya betri kwa betri, inayopandisha tena volti pale pale kwenye tela. Bei yake inauma, lakini inafanya kazi.

Ukimaliza, kaza vichwa vya betri kila jioni. Barabara ile ya kwenda Naabi, lango la Serengeti, inafungua nati zote.

Mzungu mmoja ameniachia tela lililotengenezwa Marekani. Nilichomeke tu kwenye umeme wa nyumbani? (Usa River)

Hapana, mama, tafadhali usichomeke. Vifaa vyake ni vya volti 120, hapa ni 230. Chaja, maikrowevu na kiyoyozi vinaweza kuungua papo hapo. Transfoma ya kushusha inatatua volti tu. Umeme wa Marekani ni wa mizunguko 60, wetu ni 50, na mota ya kiyoyozi inaweza kupata joto kupita kiasi. Upande wa volti 12, yaani taa, pampu ya maji na feni, hauna tatizo. Mwambie fundi atoe chaja ile, aweke ya volti 230, na vile vya 120 avikate kabisa.

Mgeni wangu analala na mashine ya kumsaidia kupumua. Nitumie inveta gani? (Mwongozaji, Majengo)

Kwanza muulize kama ana waya wa volti 12 wa mashine hiyo, watengenezaji wengi wanao. Hapo huhitaji inveta. Kama hana, inveta iwe ya wimbi safi, yaani umeme wake unapanda na kushuka laini kama wa nyumbani, si zile za wimbi la ngazi zinazofanya feni iungurume. Kinachomaliza betri ni kipasha unyevu, kile kinachopasha maji ili hewa ya kupumua isiwe kavu: bila hicho mashine nyingi hutumia kama ampia-saa 20 kwa usiku, kikiwashwa zinapanda sana. Kukizima aamue yeye na daktari wake. Jaribuni usiku mzima mkiwa bado Arusha mjini.

Betri ya lithiamu inastahimili baridi ya ukingo wa Ngorongoro? (Njiro)

Kutoa umeme, ndiyo. Kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, hapana, inaharibika ndani na hairudi. Ukingo uko mita 2,300 hivi, baridi ni kali, ila betri iliyo ndani ya gari mara chache itashuka hadi nyuzi 0. Iliyofungwa nje kwenye sanduku la tela, ngoja jua lipande ndipo uwashe injini, au nunua yenye kinga ya baridi inayokata chaji yenyewe.