Anayeinstoli ni mashine, sio wewe: maswali ya watu wa IT

Wadau wa Dodoma na jirani, haya maswali ya wiki hii nimeyaweka pamoja maana mzizi wake ni mmoja.

Kaka habari, ofisi yetu iko Mtumba, kompyuta kama 60. Nimesambaza programu ya masjala kwa Group Policy (maagizo ya Windows yanayotoka seva kwenda kompyuta zote), imeingia kote, ila kila mtu akiifungua inamuuliza lugha na anwani ya seva. Kwangu haiulizi.

Salama dada. Kusambaza umesambaza vizuri, tatizo ni setingi zimekaa wapi. Ulipojaza ile anwani mezani kwako programu ikaiandika HKCU ndani ya rejista, yaani hifadhi ya setingi za Windows, hilo ni kabati la mtu mmoja mmoja na huyo mtu ni wewe, mama wa masjala akiingia anakuta lake tupu ndo maana anaulizwa. Unachotaka ni HKLM, kabati la mashine nzima, yeyote atakayekaa kwenye kile kiti anasoma humo. Kama programu inakubali kusoma huko, tengeneza faili la MST (la mabadiliko) kwa programu ya Orca ulipachike, MSI ya mtengenezaji, yaani faili lenyewe la kuinstoli, usiiguse. Na zingatia hili, MST inaongezwa pale unapoingiza kifurushi kwa mara ya kwanza, chagua Advanced, ukishapita hapo hairuhusu tena inabidi utoe uanze upya. Kama inasoma HKCU tu, tumia Preferences za Group Policy upande wa yuza, kila mtu ataandikiwa anapoingia.

Mkuu, niko Kondoa. Kwa mkono programu inaingia, kwa GPO (agizo la Group Policy) kimya, na amri ya kusasisha, gpupdate /force, nimeshapiga mpaka basi.

Pole sana, hili liliwahi kunikesha ofisini mpaka saa nane usiku. Nilikuwa nimeandika njia ya faili inaanza na Z:, na Z: ni ya mtu aliyeingia, sasa mashine inapowaka hakuna aliyeingia, hiyo Z: itatoka wapi? Andika \\seva\programu\ na jina la faili, halafu Domain Computers (kundi la kompyuta zote za ofisi) wape ruhusa ya kusoma, kwenye sheya ya mtandao na kwenye folda lenyewe pia, wengi wanampa yuza tu. Kingine, Group Policy inajisasisha kila baada ya dakika 90 hivi lakini programu haziingii muda huo, zinaingia mashine ikiwaka, kwa hiyo iwashe upya, saa nyingine mara mbili. Kabla hujasambaza piga amri psexec -s -i cmd (psexec ni zana ya Microsoft), lile dirisha jeusi linalofunguka ni SYSTEM, akaunti ya mashine yenyewe, jaribu kufungua faili humo. Ikigoma humo na GPO itagoma.

Nataka Firefox zote zifungukie ukurasa wa ofisi.

Rahisi. Tengeneza folda inaitwa distribution ndani ya folda la Firefox, weka policies.json yenye Homepage, kisha fungua about:policies uhakikishe imesomwa.

Laptopu zetu za Manyoni ziko Intune (huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta kwa mtandao), nyingi programu zikiingia zinarudisha kodi 3010 na bando linaisha.

3010 sio kufeli ndugu yangu, imeingia inasubiri kuwashwa upya. 1618 kuna instolesheni nyingine inaendelea, subiri. Ya kuifukuzia ni 1603, huko ndiko kufeli, hiyo ongeza /l*v kwenye msiexec (amri ya kuinstoli MSI) usome logi, tafuta "Return value 3" halafu panda mistari michache juu yake. Bando washa Delivery Optimization, laptopu moja ikishashusha, zilizo mtandao mmoja nayo zinachukua kwake.