Swali la lugha: Filamu “imeachiwa”, “imetoka” au “imezinduliwa”?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kuandika matangazo ya filamu, na kila mara nakwama kwenye neno lilelile. Wenzangu huandika “imeachiwa rasmi”. Mhariri wetu hulifuta na kuweka “imezinduliwa”. Mimi naona “imetoka” inatosha, ila naogopa nisije nikaambiwa ni lugha ya mitaani. Tangazo lililotugombanisha juzi ni hili: “Filamu imeachiwa rasmi Jumamosi mbele ya waalikwa. Hadhira inaisubiri kwa hamu kumbini Ijumaa ijayo. Tazama trela lake la sekunde 30.” Nani kati yetu yuko sahihi? Tena, trela na kionjo ni kitu kimoja? Na mtayarishaji ndiye huyohuyo mwongozaji?

JIBU: Marahaba. Kwa tangazo hili moja, mhariri wenu amepatia. Kwa matangazo mengine mengi utapatia wewe. Na wenzako nao wana mahali pao, ingawa ni padogo kuliko wanavyodhani. Nisingependa uchukue neno moja ulitumie kila siku, kwa sababu hayo matatu yanataja mambo matatu tofauti katika maisha ya filamu, na anayesoma tangazo lako anataka kujua ni lipi hasa limetokea.

Tuanze na “imeachiwa”, maana ndilo lenye kesi. Mzizi wake ni -acha. Ukiutia kiambishi cha kutendea unapata -achia, na kitenzi hiki kina maana mbili. Ya kwanza ni kumbakishia mtu kitu: “Marehemu aliwaachia wanawe nyumba.” Ya pili ni kulegeza mkono uliokuwa umeshika: “Achia kamba”, “Niachie!” Msanii anaposema “nimeachia filamu yangu”, anachota kwenye maana ya pili. Kazi ameishika miezi mingi, ameikata, ameiunga, ameitazama usiku mpaka macho yamemuuma, na sasa mkono umefunguka. Sioni kosa hapo. Ni tamathali inayoeleweka, na waimbaji wameizoesha masikioni mwetu.

Shida huja inapogeuzwa kuwa ya kutendwa. Sikiliza: “Watoto wameachiwa nyumba.” Aliyeachiwa ndiye aliyepata kitu. Kwa hiyo msomaji akikutana na “filamu imeachiwa”, nusu ya akili yake inauliza: imeachiwa nini, na nani? Nusu nyingine inakumbuka mshukiwa: “Ameachiwa kwa dhamana.” Mtu huyo alikuwa amezuiliwa. Na hapa ndipo nawapa wenzako haki yao. Filamu ikishikiliwa na wakaguzi, ikakaa kwao hadi iruhusiwe, basi siku ile inaporuhusiwa imeachiwa kwelikweli, na hakuna kitenzi kingine kitakachosema jambo hilo vizuri zaidi. Filamu ambayo haikuzuiwa na yeyote haina sababu ya kuachiwa.

“Imezinduliwa” nayo ina masharti yake. Kumzindua mtu ni kumshtua atoke usingizini, na aliyezimia akirudiwa na fahamu tunasema amezinduka. Kuzindua jambo jipya kumebeba mshtuko huohuo: jana halikuwa na habari, leo limeamshwa mbele za watu. Kwa hiyo uzinduzi unadai hafla. Wawepo waalikwa, pawe na wa kusema neno, taa zizimwe, picha ianze. Tangazo lako linataja Jumamosi na waalikwa. Huo ni uzinduzi, na mhariri alikuwa na haki ya kushika kalamu. Lakini filamu iliyoingizwa tu kwenye intaneti usiku wa manane, bila mgeni hata mmoja, ukisema imezinduliwa umetangaza sherehe ambayo haikuwapo. Mara nyingi pia hatua hizi mbili huachana sana. Filamu inaweza kuoneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Cannes mwezi wa Mei, ikapigiwa makofi na wageni wa tamasha, na mtu wa kawaida asipate kukata tiketi yake mpaka mwishoni mwa mwaka. Imezinduliwa, ila haijatoka.

Sasa lako. “Imetoka” ni Kiswahili kilichonyooka. Gazeti hutoka, kitabu hutoka, matokeo ya mtihani hutoka, na hatujasikia mtu akilalamika kuwa hiyo ni lugha ya mitaani. Kitu kimetoka mikononi mwa waliokitengeneza, kimefika mahali ambapo yeyote anaweza kukipata. Hilo ndilo jambo ambalo mnunuzi wa tiketi anataka kujua.

Zamani hata hivyo kutoka kwa filamu kulikuwa kwa polepole, na inafaa ujue kwa nini, maana ndipo utaona umuhimu wa kutaja mahali na tarehe. Filamu ilikuwa utepe wenyewe hasa, kitu cha kushika mkononi. Neno la Kiingereza tulilolikopa lina maana ya utando mwembamba, na huo utando ndio uliopita mbele ya taa. Picha 24 zilipita kila sekunde. Piga hesabu ya filamu ya dakika 90: ni picha 129,600, na kwa utepe wenye upana wa milimita 35 zinajaza karibu kilomita mbili na nusu. Utepe huo ulikatwa vipande, ukazungushwa kwenye magurudumu, ukatiwa kwenye makopo mazito na kusafirishwa. Kila nakala ilikuwa na gharama yake. Kwa hiyo mara nyingi filamu ilianza katika kumbi chache za miji mikubwa, na makopo yaleyale yakahamia kwingine. Katika hali hiyo swali “imetoka lini?” lilikuwa na majibu mengi.

Mwaka 1975, tarehe 20 Juni, filamu ya samaki papa iitwayo Jaws ilianza kuoneshwa Marekani katika kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja, baada ya kutangazwa kwa nguvu kwenye televisheni. Haikuwa ya kwanza kufunguliwa kumbi nyingi kwa pamoja, ila mafanikio yake yaliwafanya wenye studio waushike mtindo huo. Tangu hapo tarehe imekuwa nguzo ya tangazo, na fedha nyingi za kutangaza humwagwa kabla ya siku hiyo. Ndiyo maana napenda kuona tangazo likisema wazi: “Inatoka kumbini Ijumaa”, au “Imetoka mtandaoni”. Ukitaka lugha rasmi zaidi, andika “itaanza kuoneshwa”. Kitenzi hicho hakijawahi kumchanganya mtu.

(Utepe wenyewe umeondoka katika kumbi nyingi, lakini lugha imeubakiza. Mtu akikuambia “nipe mkanda mzima”, anataka kisa chote tangu mwanzo hadi mwisho, na pengine hajawahi kuushika mkanda wowote maishani. Na “hapo ndipo picha linaanza” husemwa hata pasipokuwa na kioo cha kutazama. Maneno haya yanapendeza, usiyaonee haya.)

Kuhusu trela na kionjo. Wengi huyatumia kama pacha, nami siwezi kuwaita wakosaji, lakini mwandishi wa matangazo anafaidika akiyatenganisha. Trela tulilijua kwanza kama lile gari lisilo na injini linalovutwa nyuma ya lori. Inashangaza, kisha inafurahisha, kugundua kuwa kwenye sinema neno lilianza kwa maana hiyohiyo ya kufuata nyuma: mwanzoni matangazo ya filamu zijazo yalioneshwa baada ya filamu kwisha. Watu walikuwa wakiinuka na kuondoka, basi yakahamishiwa mbele. Jina likabaki na mkia wake. Leo trela kwa kawaida huchukua kama dakika mbili hadi mbili na nusu, na ndani yake mna hadithi iliyopangwa: mhusika unamjua, tatizo lake unaliona, mwisho unafichwa.

Kionjo kimetoka katika -onja. Kiambishi ki- mwanzoni na -o mwishoni, kama kilivyo kizibo kutoka -ziba au kifuniko kutoka -funika. Kuonja ni kugusisha kidogo ulimini. Hushibi, hata hujui chakula chote kikoje, ila umetamani. Hivyo kionjo kinafaa kwa kile kipande cha sekunde chache, sauti moja, uso mmoja, jina la filamu, basi. Mara nyingine hutolewa hata kabla filamu haijamaliza kuhaririwa. Sekunde zako 30 ni kionjo. Ukiahidi trela, mtazamaji atakaa akingoja hadithi ambayo hukumletea.

Upatanisho usikusumbue sana: utasikia “trela la filamu” na “trela ya filamu”. Chagua mmoja, usichanganye yote mawili kwenye tangazo moja. Kionjo ni “kionjo cha”, “vionjo vya”, hakina ubishi.

Kuna neno jingine kwenye tangazo lako ambalo hukuniuliza, nami siwezi kulipita. Umeandika “hadhira inaisubiri”. Hadhira ni jamaa wa hadhara na kuhudhuria, na moyo wake ni kuwapo. Wale ndugu wawili Wafaransa wa ukoo wa Lumière, miongoni mwa waanzilishi wa sinema, walipoonesha picha zao Paris tarehe 28 Desemba 1895 na kutoza kiingilio, waliokuwa wameketi ndani ya chumba kile walikuwa hadhira. Wapita njia waliokuwa nje hawakuwa, hata kama walisikia habari. Anayeisubiri filamu ya Ijumaa ijayo bado hajahudhuria chochote. Watu wa masoko wana neno zuri kwa ajili yake: mlengwa. Ni yule anayefikiriwa wakati bango linachorwa na rangi zake zinachaguliwa. Akikata tiketi akakaa kitini, ndipo anakuwa mtazamaji, na wenzake wote pamoja naye ni hadhira.

Tofauti hii ina kazi. Kabla filamu haijakamilika, studio nyingi hufanya onesho la majaribio. Watu huitwa, huoneshwa filamu ambayo muziki wake pengine ni wa muda tu, kisha hujaza fomu: wapi umechoka, nani hukumpenda, mwisho umekuridhisha? Filamu kadhaa zimebadilishiwa mwisho kwa sababu ya fomu hizo. Waliokaa chumbani ni hadhira. Wanaokisiwa kupitia majibu yao ni walengwa. Ukiyaita makundi hayo kwa jina moja, huwezi hata kueleza kilichofanyika. Lakini kwenye tangazo la watu wote usiandike “walengwa”, hakuna anayependa kuambiwa kuwa amelengwa. Andika “mashabiki” au “wapenzi wa filamu”.

Na kwa kuwa unafanya kazi ya kutangaza, chunga vitenzi vyako huko pia. Kutangaza ni kueneza habari tu. Kunadi ni ndugu wa mnada, sauti inapazwa na kitu kinauzwa. Kuipigia debe filamu ni kuisemea ili ikubalike, na anayefanya hivyo ana upande. Kuvuma ni kwa filamu yenyewe: upepo huvuma, ngoma huvuma, na jina la filamu huvuma. Naona siku hizi watu wanaandika “inatrendi” ilhali “inavuma” iko hapohapo, fupi, tamu, na ina uzoefu wa methali nyuma yake. Wahenga walishaona kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, na yeyote aliyeona filamu ikijaza kumbi wiki ya kwanza kisha viti vikabaki vitupu wiki ya pili anajua walichokuwa wanasema.

Sasa mtayarishaji na mwongozaji. Ni watu wawili, ingawa mtu mmoja anaweza kubeba kazi zote mbili. Mtayarishaji hufanya mambo yawe tayari: anatafuta hadithi na haki zake, anatafuta fedha, anaajiri, anasaini mikataba, na picha zikishapigwa yeye bado anahangaika filamu iuzwe. Mwongozaji yuko na waigizaji na kamera. Anaamua mtu asimame wapi, aseme kwa sauti gani, kamera imsogelee au imwache mbali, kisha anakaa na mhariri wa filamu kuchagua vipande vya kutumia. Kama unataka kipimo cha haraka, tazama tuzo za Oscar: ile ya filamu bora hukabidhiwa watayarishaji, na mwongozaji ana tuzo yake mwenyewe. Wengine husema “mwelekezi” badala ya mwongozaji, nalo ni sawa. “Mzalishaji” sikupendekezei, linanukia kiwanda.

Andika mwongozaji na mwigizaji kwa mw-, kama mwimbaji na mwandishi. Mu- hubaki pale mzizi unapoanza na u, ndiyo maana tuna muuzaji na muuguzi.

Tangazo lako ningeliandika hivi: “Filamu ilizinduliwa Jumamosi mbele ya waalikwa. Inatoka kumbini Ijumaa ijayo, na mashabiki wanaisubiri kwa hamu. Tazama kionjo chake cha sekunde 30.” Ijumaa ikifika, badilisha “inatoka” iwe “imetoka”, na ufute hiyo habari ya kusubiri.