Msumeno wa meza unaangusha breka: kagua waya kwanza

Ndugu, umesema msumeno wako wa kilowati 2.2, volti 230, unawashwa kwa ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita za mraba 1.5, na breka ya ampea 16 (swichi inayojikata umeme ukizidi) inaanguka ukiwasha. Usikimbilie kuweka breka kubwa kwenye waya huohuo. Hapo utakuwa unaunguza waya badala ya kuulinda.

Mota hiyo ikikata mbao hula takriban ampea 13, lakini inapoanza huvuta mara 5 hadi 7 ya hapo kwa muda mfupi. Kwa waya mwembamba wa urefu huo, makumi ya volti hupotea njiani. Nguvu ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo mota inachelewa kushika kasi, inaendelea kuvuta umeme mwingi, na breka inaanguka. Kama ekstensheni bado imezungushwa kwenye kigurudumu, joto halina pa kutokea na plastiki huyeyuka.

Mwite fundi umeme avute laini ya msumeno peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampea 20 aina ya C (aina ya B huanguka upesi mota inapoanza), na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30. Apime ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini), asiiangalie kwa macho tu.

Swichi ya msumeno iwe ile inayojiachia umeme ukikatika. Bila hiyo, umeme ukirudi msumeno unaanza wenyewe, pengine mkono wako uko kwenye meno. Ukitaka kubadilisha diski ya msumeno, chomoa plagi kwanza.