Unaanza gitaa? Kaa kwanza na Proud Mary

Vijana wanaonijia kutaka kujifunza gitaa huuliza mapema sana wataanza lini kupiga solo, yaani sehemu ambayo gitaa linatamba peke yake. Mimi huwaambia wakae kwanza na wimbo Proud Mary wa Creedence Clearwater Revival, bendi ya roki ya Marekani, mpaka mkono wa kulia utulie.

John Fogerty, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi hiyo, aliutunga mwaka 1968, mara tu baada ya kumaliza utumishi wake katika jeshi la akiba. Ulitoka Januari 1969 ukapanda hadi namba 2 kwenye chati ya Billboard. Ukiusikia utadhani wenyewe walikulia ukingoni mwa mto Mississippi, kumbe ni vijana wa El Cerrito, California!

Mwanzoni chord (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za C na A zinapokezana, kisha inakuja G, F, halafu unatua kwenye D. Fogerty amewahi kueleza kwamba wazo hilo lilitokana na Simfoni ya Tano ya Beethoven. Sehemu hiyo kila mtu huipenda, wala haisumbui sana. Kazi iko kwenye ubeti, kwa sababu wote unakaa kwenye D peke yake. Wanafunzi huchoka hapo, wakaanza kupambapamba. Usipambe. Msikilize Tom Fogerty, kaka yake John, kwenye gitaa la ridhimu, lile linaloshika mwendo wa wimbo, pamoja na besi ya Stu Cook na ngoma za Doug Clifford. Hakuna anayekimbia, hakuna anayemfunika mwenzake, na wimbo unasonga.

Piga hiyo D ubeti mzima huku unaimba, polepole kuliko rekodi. Sauti ikiingia na mkono ukayumba, rudia. Kwenye kiitikio kuna A, kisha Bm (B minor). Wapo wanaoikwepa Bm kwa kuweka G kwa kuwa kidole cha shahada kinauma. Vumilia maumivu, maana uzito wa kiitikio unatoka hapo.

Solo yenyewe ni fupi, na John Fogerty alikuwa akifuata mtindo wa Steve Cropper, mpiga gitaa wa studio ya Stax kule Memphis, mtu wa noti chache zilizowekwa mahali pake.

Toleo la Ike na Tina Turner la 1971 liache baadaye. Ni zuri mno, lilifika namba 4, linaanza taratibu kisha linafyatuka. Lakini anayelianza hilo hutaka mbio tu, na kumrudisha kwenye D ya Tom Fogerty huwa kazi kubwa.